Muuza Samani wa Kansas

Habari za Kogelo, kijiji cha ukoo wa Obama nchini Kenya, tunazo. Tunamjua Hussein Onyango, mpishi wa Wazungu aliyeogopwa kwa ukali wake wa usafi na nidhamu. Tunamjua mkewe, Mama Sarah, aliyefariki Machi 2021. Tunamjua Barack Obama mkubwa, mchumi aliyekufa kwa ajali ya gari jijini Nairobi mwaka 1982. Habari hizi zimesimuliwa sana Afrika Mashariki, na zilistahili kusimuliwa. Lakini mtoto aliyezaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, na baadaye akawa Rais wa 44 wa Marekani, hakukulia Kogelo, na baba yake alimwona kwa muda mfupi sana. Mwanamume aliyemlea, aliyempeleka ufukweni na kumsimulia hadithi, alikuwa babu mzaa mama: Stanley Armour Dunham, muuza samani kutoka jimbo la Kansas.

Huyu hana kaburi linalotembelewa na watalii kama lile la Onyango. Hakuwa tajiri, hakuwa na cheo, na kazi zake nyingi hazikumwendea vizuri. Hata hivyo, ukitaka kujua ilikuwaje binti wa Kansas na kijana wa Kijaluo wakajikuta darasa moja katikati ya bahari ya Pasifiki, utalazimika kumfuata huyu mzee. Kazi ya kuuza ndiyo iliyomhamisha mji hadi mji kwa miaka 15, kila mara akiamini kwamba mji unaofuata ndio wenye riziki yake, mpaka nchi kavu ikamwishia.

Mababu waliosogea magharibi

Jina la Dunham lina miaka mingi Amerika. Jonathan Singletary Dunham alizaliwa Massachusetts mwaka 1640, akahamia Woodbridge, New Jersey, na huko akajenga kinu cha kusagia nafaka ambacho kinahesabiwa kuwa cha kwanza katika jimbo hilo. Uzao wake ulisogea magharibi kizazi baada ya kizazi, kadiri ardhi ya pwani ilivyozidi kuwa ghali na ardhi ya bara ilivyozidi kunyang'anywa wenyewe, yaani mataifa ya Wahindi Wekundu. Karne ya 19 iliwakuta Virginia, kisha Indiana.

Indiana ndiko damu ya Ireland ilikoingia. Mwaka 1850 kijana wa miaka 19 aliyeitwa Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa kijiji cha Moneygall, alishuka melini New York. Njaa iliyoletwa na ugonjwa wa viazi ilikuwa imeua watu wapatao milioni moja nchini kwake na kuwatawanya wengine wengi. Kearney aliwafuata jamaa zake waliomtangulia Ohio, baadaye akahamia Indiana akalima. Binti yake Mary Ann aliolewa na Jacob William Dunham, na wawili hao wakaelekea Kansas. Mtoto wao Ralph alizaliwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Argonia, mji ambao miaka saba kabla yake ulikuwa umemchagua Susanna Salter kuwa meya, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Marekani nzima. Wazazi wa Ralph walimpa majina yote matatu ya mwanafalsafa Ralph Waldo Emerson. Walikuwa watu wa mashambani, ila vitabu walivipenda.

Kansas yenyewe ilizaliwa kwa damu. Katika miaka ya 1850 waliotaka utumwa na walioupinga waliuana huko kugombea sheria ya jimbo jipya, na lilipoingia katika Muungano tarehe 29 Januari 1861 liliingia likiwa jimbo lisilo na utumwa. Ugomvi huo ulikuwamo hata ndani ya ukoo tunaousimulia. Ralph alimwoa Ruth Armour. Babu yake Ruth upande wa mama, Christopher Columbus Clark, alikuwa ametumikia upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini mke wa Clark alikuwa binti wa George Washington Overall wa Kentucky, na kitabu cha sensa ya mwaka 1850 kinamtaja Overall kuwa mmiliki wa watumwa wawili: msichana wa miaka 15 na mwanamume wa miaka 25. Majina yao hayakuandikwa. Habari hiyo ilipotoka magazetini mwaka 2007, Obama alikuwa tayari mgombea urais.

Mgahawa wa William Street, 1915–1926

Ralph na Ruth walioana Wichita mwaka 1915, yeye akiwa kijana wa miaka 20 na mkewe mdogo zaidi, bado wa umri wa shule. Walifungua mgahawa katika William Street wakauita Mgahawa wa Wasafiri. Wichita ilikuwa ikikua upesi. Ngano, ng'ombe na mafuta vilipitia hapo, na pamoja navyo walipita mawakala wa kila namna wenye mabegi ya sampuli, wakishuka treni moja na kusubiri nyingine. Watu wa aina hiyo ndio waliokula kwa akina Dunham. Mtoto wa kwanza, Ralph mdogo, alizaliwa 1916. Wa pili, Stanley, alizaliwa tarehe 23 Machi 1918.

Ndoa haikuwa na amani. Mwishoni mwa Novemba 1926 Ruth alijiua kwa sumu. Alikuwa na umri wa miaka 26. Baadhi ya magazeti yaliandika kwamba alikufa kwa kula chakula kilichoharibika, kwa sababu katika miji ile mtu kujiua ilikuwa aibu ya ukoo mzima na wahariri walijua kuificha. Katika masimulizi ya familia, aliyeukuta mwili alikuwa Stanley, mtoto wa miaka minane.

Baba aliwachukua wavulana wake wawili akawapeleka kwa wazazi wa marehemu, Harry na Gabriella Armour, katika mji wa El Dorado. Hakubaki kuwalea. Katika siku chache Stanley alimpoteza mama kwa kifo na baba kwa kuachwa, na mimi nadhani mtu asisome maisha yake yaliyofuata, ule mguu wake usiotulia, ile haja yake ya kupendwa na kila aliyekutana naye, bila kuzikumbuka siku hizo za Novemba.

El Dorado, 1926–1940

El Dorado ulikuwa mji wa mafuta. Mwaka 1915 kisima kilichoitwa Stapleton Nambari 1 kilifumua hazina kubwa chini ya malisho ya ng'ombe, na vita vya kwanza vya dunia vikaifanya bei ya mafuta ipande. Makambi ya wafanyakazi yakaota, mitaa ikajaa. Stanley alipofika, pesa za haraka zilikuwa zimeanza kutulia, na kabla hajafikisha miaka 12 soko la hisa la New York likaanguka. Katika miaka ya 1930 ukame na dhoruba za vumbi viliipiga Kansas na majimbo jirani. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku katika eneo kubwa la mbuga hizo.

Bibi na babu walikuwa watu wa heshima na maneno machache. Yule askari mzee Clark alikuwa bado hai (alifariki 1937), hivyo vijana walikua karibu na mtu aliyeviona kwa macho vita vya kukomesha utumwa. Ralph mdogo alikuwa mtulivu, mwenye kushika masomo. Stanley alikuwa kinyume chake. Mjukuu wake ameandika kwamba alifukuzwa shule akiwa na miaka 15 kwa kumpiga mwalimu mkuu ngumi ya pua. Kisa hicho tunakipata kupitia mdomo wa Stanley mwenyewe, na muuzaji hodari hujua kukipamba kisa chake, kwa hiyo nakipokea kwa tahadhari. Kinachoaminika zaidi ni yaliyofuata: vibarua vya hapa na pale, kudandia mabehewa ya mizigo hadi Chicago, kisha California, kisha kurudi. Maelfu ya vijana wa Kimarekani waliishi hivyo katika miaka ile ya njaa.

Alirudi na kipaji kilichokuwa kimenolewa njiani, nacho ni kuzungumza. Alijua kuingia chumba cha wageni na kutoka na marafiki. Alikuwa mrefu, nywele amezichana nyuma, mavazi nadhifu, na alidai kuandika mashairi na kusikiliza jazi.

Ndoa ya siri, vita na mtoto, 1940–1945

Madelyn Payne alizaliwa 1922 na kukulia Augusta, mji mwingine wa mafuta kati ya El Dorado na Wichita. Baba yake alikuwa na ajira ya kudumu katika kampuni ya mafuta, jambo lililoikinga familia na shida za mdororo. Walikuwa Wamethodisti wa kukataza pombe, karata na dansi. Madelyn alikuwa hodari shuleni, msomaji, na alikuwa na kiu ya kuondoka. Wazazi walimwona Stanley kuwa si lolote. Tarehe 5 Mei 1940, usiku wa karamu ya kuaga shule, aliolewa naye kwa siri, akarudi kwao kama kwamba hakuna kilichotokea, na hakuwaambia hadi alipopata cheti.

Upande huu wa Payne una jambo moja ambalo hakuna aliyelijua siku zile. Mwaka 2012 watafiti wa nasaba walitangaza kwamba inaelekea sana Madelyn alitokana na John Punch, mtumishi Mwafrika wa Virginia aliyehukumiwa mwaka 1640 kutumika maisha yake yote kwa kosa la kutoroka. Ikiwa utafiti huo ni sahihi, Afrika ilikuwa ndani ya familia ile ya Kansas karne tatu kabla Mjaluo hajabisha hodi.

Japani ilishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941. Stanley aliandikishwa jeshini tarehe 18 Januari 1942. Hakuwa askari wa mstari wa mbele. Kikosi chake kilihudumia ndege za kivita kwa vipuri na matengenezo, kikavuka kutoka Uingereza kwenda Ufaransa wiki kadhaa baada ya majeshi kutua Normandy Juni 1944. Madelyn alibaki Wichita akifanya kazi ya ukaguzi katika kiwanda cha Boeing, ambacho kilitoa ndege 1,644 za B-29. Vita hivyo hivyo vilimgusa na babu wa upande wa pili: familia ya Kogelo husimulia kwamba Onyango alikwenda na jeshi la Waingereza hadi Burma, akipika.

Mtoto pekee wa Stanley na Madelyn alizaliwa Wichita tarehe 29 Novemba 1942. Alikuwa msichana, akaitwa Stanley Ann. Baba alipenda kusema kwamba alitaka mvulana. Wapo wanaosema mama ndiye aliyelichagua jina, kwa kuwa mwaka huo huo Bette Davis aliigiza mwanamke aitwaye Stanley katika sinema. Kwa vyovyote, binti alikwenda na jina hilo kutoka shule hadi shule, akijieleza upya kila alipofika.

Makochi, vitanda na barabara, 1945–1960

Stanley aliachiwa na jeshi Agosti 1945. Sheria iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt Juni 1944 iliwapa askari waliorudi ada ya chuo na mikopo nafuu ya nyumba. Stanley aliitumia kwenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hakumaliza. Mjukuu wake anasema darasa halikuweza kumbeba na matamanio yake yote.

Ila sheria ile ile ilimpa riziki kwa mlango mwingine. Mamilioni ya wanandoa vijana walipata nyumba kwa mkopo pembezoni mwa miji, na nyumba mpya ni tupu. Inataka kitanda, meza ya kulia, makochi, kabati, godoro la mtoto. Wengi hawakuwa na fedha taslimu, kwa hiyo maduka yaliwakopesha walipe kidogo kidogo kila mwezi. Katikati ya duka na mkopo huo alisimama muuzaji. Yeye ndiye aliyempokea mke na mume mlangoni, akawakalisha kwenye kochi, akawauliza habari za watoto, akasoma nani kati yao ndiye mwenye uamuzi, na mwishoni akaleta karatasi za kutia saini. Kazi hii haikuulizia shahada. Ilitaka uso wa bashasha, kumbukumbu ya majina, na moyo wa kuvumilia kuambiwa hapana. Stanley alikuwa na viwili vya kwanza.

Akaanza kuhama. Ponca City huko Oklahoma. Vernon huko Texas. Kurudi El Dorado mwaka mmoja hivi, karibu na watu waliomjua tangu utoto. Kila duka lilikuwa na ahadi yake, umeneja mdogo au mshahara ulio bora kidogo, na kila baada ya muda ahadi ilichakaa. Madelyn alifanya kazi kila walipokwenda, mgahawani au benki, na kila walipohama alianza upya chini.

Texas inastahili tusimame. Huko sheria na desturi ziliwatenga watu weusi, na wauza samani wenzake walimwelekeza Stanley namna ya kuwahudumia wateja weusi na Wameksiko: waje baada ya saa za kazi, na mizigo wajibebee wenyewe. Mtu anayeishi kwa kuuza alikuwa akifundishwa kumfukuza mnunuzi. Katika mji huo huo binti yao, akiwa bado mdogo, alikutwa akicheza uani na msichana mweusi, na watoto wa jirani waliwazomea kwa matusi na kuwatupia mawe. Stanley alipokwenda kulalamika kwa wazazi na mkuu wa shule, jibu alilopewa ni kwamba wasichana wa Kizungu hawachezi na weusi.

Baadaye alidai kwamba waliondoka Texas kwa sababu hiyo. Mkewe hakukubali moja kwa moja. Alimweleza mjukuu kwamba kazi ya Stanley haikuwa ikienda vizuri na Seattle iliahidi zaidi. Nawaamini wote wawili. Mtu huhama kwa sababu ya mkate, na akishafika huikumbuka ile sababu inayompa heshima. Muhimu ni kwamba Stanley alitaka kukumbukwa kuwa mtu aliyekataa ubaguzi, na mwaka 1961 alitakiwa kulithibitisha hilo nyumbani kwake.

Mwaka 1955 walifika Seattle. Boeing iliufanya mji unenepe, na Stanley akapata kazi katika duka kubwa la Standard-Grunbaum katikati ya mji, kisha duka jingine. Mwaka 1956 walihamia kisiwa cha Mercer, kilichounganishwa na jiji kwa daraja linaloelea lililofunguliwa 1940, ili binti asome katika sekondari mpya ya huko. Madelyn alipata kazi benki, katika idara inayoshikilia fedha za mnunuzi wa nyumba mpaka hati zikabidhiwe. Walihudhuria kanisa la Waunitaria. Stanley alipenda jinsi lilivyosoma maandiko ya dini zote kubwa, akasema ni kama kupata dini tano ndani ya moja. Ndivyo alivyofikiri hata mbele ya Mungu, na sioni kosa. Alikuwa mtu wa kupenda kila mlango uliofunguka.

Kisha ukaja uamuzi ambao pengine ndio mkubwa kuliko yote. Stanley Ann, msomaji mkubwa kama mama yake, alipata nafasi Chuo Kikuu cha Chicago akiwa bado mdogo sana. Baba alikataa. Alisema hajafikia umri wa kuishi peke yake. Wakati huo huo kampuni moja ya samani ilikuwa ikifungua duka Honolulu. Hawaii ilikuwa imefanywa jimbo la 50 tarehe 21 Agosti 1959, ndege za jeti zilikuwa zimeanza kutua, nyumba zilijengwa kila upande. Stanley alishawishika mara moja. Binti alimaliza shule Juni 1960, na familia ikavuka bahari.

Mgeni wa chakula cha jioni, 1960–1964

Katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Ann, kama alivyoanza kuitwa, alijiandikisha darasa la Kirusi. Darasani alikuwamo kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye sauti nzito, aliyetoka Nyanza. Barack Obama alikuwa amefika 1959, mwanafunzi wa kwanza Mwafrika chuoni hapo, katika mwaka ule ule ambao Tom Mboya alipeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege. Yeye hakupanda ndege hiyo. Nauli na mwanzo wa masomo yake vilisaidiwa na wanawake wawili wa Kimarekani waliokuwa wakifundisha watu wazima kusoma Kenya.

Ann alimleta nyumbani kwa chakula. Stanley alivutiwa. Kwa miaka iliyofuata hakuchoka kusimulia jinsi Barack alivyomnyanyua rafiki mmoja juu ya ukingo wa genge la Pali kwa kosa la kuangusha kiko chake, na jinsi alivyoimba jukwaani nyimbo za Kiafrika bila kutetereka. Msimulizi alikuwa amekutana na msimulizi mwenzake. Madelyn alikuwa na hofu zaidi, na alikuwa mwangalifu kwa maneno yake.

Ann na Barack walioana Wailuku, kisiwani Maui, tarehe 2 Februari 1961. Ann alikuwa na miaka 18 na mimba. Huko Texas, walikoishi miaka michache kabla, ndoa ya namna hiyo ilikuwa kosa la jinai, na ilibaki hivyo hadi uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1967. Hawaii haikuwa na sheria hiyo. Hivyo ile hamahama ya samani ilikuwa imemfikisha binti katika sehemu ya nchi ambako aliweza kuolewa na Mwafrika pasipo polisi kuhusika.

Pingamizi lilitoka Kogelo. Ann alimweleza mwanawe baadaye kwamba Onyango alimwandikia Stanley barua ndefu na kali, akisema hataki damu ya Obama ichanganywe na ya mwanamke wa Kizungu. Barack alikuwa ameacha mke, Kezia, na mtoto nyumbani, na Onyango alijua kwamba mwanawe hana njia rahisi ya kuyaweka maisha hayo mawili pamoja. Alikuwa na sababu. Mwaka 1962 Barack alikwenda Harvard peke yake, na mwaka 1964 ndoa ilivunjwa.

Nyumbani Honolulu alibaki mtoto. Ann alirudi chuoni kwa msaada wa wazazi, na muuza samani, akiwa na miaka 43 tu alipopata mjukuu, alimbeba mabegani. Watalii walipomwona mtoto mweusi akicheza mchangani, Stanley aliwasogelea na kuwanong'oneza kwamba huyo ni kitukuu cha Mfalme Kamehameha wa Hawaii. Walipiga picha.

Simu za Jumapili jioni

Ann aliolewa tena na Mwindonesia, Lolo Soetoro, na mwaka 1967 akamchukua mwanawe Jakarta. Mwaka 1971, mtoto akiwa na miaka kumi, alirudishwa kwa bibi na babu ili asome Punahou, shule bora kuliko zote visiwani. Aliyemfungulia njia ni mkuu wa kazi wa Stanley, aliyekuwa amesoma hapo. Baba yake alikuja Krismasi ya mwaka huo, akakaa mwezi mmoja, akaondoka. Hawakuonana tena.

Maisha katika nyumba ile ya ghorofa ya kumi, South Beretania Street, yalikuwa yamegeuka. Stanley alikuwa ameacha samani na kuwa wakala wa bima ya maisha. Kochi mteja hulikalia akaliona ni zuri. Bima ni kumfanya mtu afikirie kifo chake halafu alipie, na Stanley, aliyekifahamu kifo akiwa na miaka minane, hakuwa na moyo wa kazi hiyo. Obama ameziandika Jumapili zake za jioni kwa huruma nyingi: babu anaweka meza ndogo mbele ya kiti, anapanga karatasi, anasukuma kando kila kisingizio, kisha anaanza kupiga simu kuomba miadi. Upande wa pili wanakata, au wanasema wapigiwe wiki nyingine. Nyumba nzima hunyamaza. Akipata mmoja wa kumpokea, humwita mjukuu na kumsimulia kichekesho.

Madelyn ndiye aliyeilisha nyumba. Alianza Bank of Hawaii mwaka 1960, na ilipofika mwisho wa 1970 alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kupandishwa kuwa makamu wa rais wa benki hiyo. Aliamka gizani, akavaa suti, akapanda basi. Tofauti ya vipato vyao ilileta maneno makali ndani ya nyumba, maana kizazi chao hakikuwa na mfano wa mume wa namna hiyo. Karo na kodi, hata hivyo, vililipwa, na mtoto hakukosa.

Alichompa Stanley ni kingine. Alijua kwamba mvulana mweusi anayelelewa na Wazungu atahitaji kuzungumza na watu weusi, akampeleka Waikiki kwa rafiki yake Frank Marshall Davis, mshairi na mwanahabari mweusi aliyezaliwa Arkansas City, Kansas, mwaka 1905. Wazee hao wawili walikulia umbali wa kama kilomita 80 tu, katika jimbo ambalo ubaguzi haukuruhusu wakutane. Walikutana wakiwa wazee, kisiwani, juu ya glasi. Davis ndiye aliyemweleza kijana jambo ambalo babu yake hakuweza: kwamba Stanley ni mtu mwema, lakini hawezi kumjua Davis jinsi Davis anavyomjua yeye.

1992 na baadaye

Stanley Dunham alifariki Honolulu tarehe 8 Februari 1992 kwa saratani ya tezi dume, miezi minane kabla mjukuu wake hajamwoa Michelle Robinson katika jiji lile lile la Chicago ambalo yeye alimkatalia binti yake. Alizikwa kama askari mstaafu katika makaburi ya taifa ya Punchbowl. Ann alifariki Novemba 1995, akiwa na miaka 52. Miezi michache kabla kilikuwa kimetoka kitabu cha kwanza cha Obama. Kina jina la baba, ila kurasa zake za mwanzo zimejaa sauti ya babu, kwa sababu hadithi za baba alizipata kwake.

Tarehe 29 Januari 2008, siku Kansas inapoadhimisha kuzaliwa kwake, Obama alihutubia El Dorado akiomba kura na akawasimulia habari za Stanley na Madelyn. Mwaka 2011 alikwenda Moneygall, kwa akina Kearney. Mwaka 2018 alirudi Kogelo kufungua kituo cha vijana kilichoanzishwa na dada yake.

Madelyn aliishi hadi ukingoni mwa ushindi. Oktoba 2008 mjukuu alisimamisha kampeni akaruka hadi Honolulu kumuaga, na bibi alifariki tarehe 2 Novemba, siku mbili kabla ya uchaguzi, akiwa ameshatuma kura yake kwa posta. Kura hiyo ilihesabiwa. Hawaii ilimpa mjukuu wao zaidi ya asilimia 70 ya kura. Indiana, walikolima akina Kearney, ilimpa ushindi mwembamba, wa kwanza kwa mgombea wa chama cha Democratic tangu 1964. Kenya ilitangaza Alhamisi iliyofuata kuwa siku ya mapumziko, wakati Kansas ilikuwa imemchagua mpinzani wake, John McCain.